Daktari Anayepokea Kadi

Nchi yetu ina bahati, na anayebisha atafute yake. Jina lake silitaji, maana ni nchi yenye haya, haipendi kutajwatajwa. Itoshe kusema ina bendera, ina mlima mmoja wa kutosha, na kila raia wake, kuanzia anayenyonya hadi anayechimbiwa kaburi, ana Kadi ya Afya ya Umma. Ni kadi ya plastiki ngumu, rangi ya samawati. Nyuma yake yameandikwa maneno ya Mheshimiwa Waziri: "Ugonjwa ni wa mtu, afya ni ya taifa." Nimeitumia mwenyewe na ninathibitisha ubora wake. Kwa kukwangua ukoko wa sufuria haina mpinzani.

Mimi naitwa Chande. Nimemaliza kidato cha nne kwa daraja ambalo naomba tuliache hapo hapo lilipo. Mama alifariki nikiwa darasa la tano, na tangu hapo tumekuwa wawili tu nyumbani, mimi na baba.

Baba ni Mwalimu Ngwali. Kata nzima ya Tulieni inamjua, kwa sababu alifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na minne, na hakuna mtu mzima pale mtaani ambaye hakupita mikononi mwake. Kabla ya kufundisha herufi alifundisha salamu. Mtoto aliyeingia darasani bila kuamkia alirudishwa mlangoni aingie upya, hata mara kumi. Na ukiamkiwa, uitike vizuri. Hilo kwake halikuwa na mjadala. Ndiyo maana Tulieni hata wezi husema hodi.

Mwezi wa pili baba akaanza kulala amekaa. Akilala chali pumzi inamkatikia, basi anaegemea ukuta na mito miwili, kama abiria anayesubiri treni. Miguu ikavimba, viatu vikamkataa. Jirani akipita, "Mwalimu, hujambo?" Baba, anahema kama pampu ya baiskeli, anajibu, "Sijambo, nashukuru sana, za kwako?"

Nikampeleka zahanati. Nesi wetu, Sista Tunu, akamkandamiza mguu kwa dole gumba. Alipoondoa dole, shimo likabaki. Tukalitazama wote watatu.

"Moyo wake umechoka," Sista akaniambia pembeni. "Huyu ni wa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, tena haraka. Mimi hapa nina dawa ya malaria na ya minyoo."

"Hana minyoo hata kidogo, sista? Tuanzie hapo?"

"Chande, acha mzaha."

"Siachi, sista. Nikiacha nitalia."

Akaniandikia barua ya rufaa bila kunitazama usoni.

*

Daktari wa fedha taslimu hatukumuweza, hilo tulimalize mapema. Nikaenda ofisi ya Kadi, nikapewa Orodha ya Taifa ya Madaktari Bingwa Wanaopokea Kadi. Majina kumi na tisa! Nikaibusu ile karatasi, wallahi, mbele za watu.

Wa kwanza alikuwa amekufa mwaka juzi. Mjane wake alinikaribisha vizuri, akanieleza kwamba jina halijafutwa kwa sababu kanuni inamtaka daktari aende mwenyewe kutia saini. Wa nne alikuwa hai, tena mchangamfu, na alipokea Kadi kila tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa pili. Wa saba alikuwa daktari wa ng'ombe. Mtu mstaarabu sana yule. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasikitika, akasema mzee angekuwa na pembe hata moja angejaribu.

Wa kumi na moja alikuwa na kliniki ya vioo yenye milango miwili. Mmoja umeandikwa FEDHA, na ndani yake niliona feni, maua na mtu anakunywa juisi. Mwingine umeandikwa KADI. Nikaufungua, nikapita, nikajikuta barabarani upande wa nyuma wa jengo. Tulikuwa wengi pale. Mzee mmoja alisema yeye ameshapita mara tatu, akidhani amekosea kushika kitasa.

Hivyo hivyo mpaka nikafika jina la mwisho, Daktari Semkiwa.

Chumba chake kilikuwa kimebanana na karakana ya fundi magodoro. Foleni ilizunguka kona, na watu walikaa juu ya sufi za fundi. Daktari mwenyewe alitoka nje, mwembamba, koti limefifia, ameshika kile kipimo cha kusikilizia moyo kama mtu aliyeshika kamba ya mbuzi.

"Kadi?" nikauliza, nimeshajiandaa kupigwa chenga.

"Karibu. Mgonjwa yuko wapi?"

Nikakaa kwenye godoro la mtu.

Nikamweleza: pumzi, mito, miguu, shimo la dole. Kila nililolisema alitikisa kichwa kabla sijamaliza, kama anayesikia habari za jirani yake.

"Huyu anatibika," akasema. "Nakuambia anatibika. Lakini nikimwona bila kibali cha Uhakiki, kesho wananifungia, na hawa wote wanarudi nyumbani." Akaonyesha foleni. "Leta kibali. Kikitoka usipange mstari. Nipigie kelele tu kutoka huko kwenye kona, mimi nitakusikia."

Nilikimbia njia nzima. Mtu akisema baba yako anatibika, miguu haiulizi nauli.

*

Hapa inabidi niwaeleze wageni kuhusu Uhakiki. Serikali yetu iligundua kwamba wananchi wengi huigiza ugonjwa ili wafaidi foleni. Mheshimiwa Waziri wa Afya na Utulivu akahutubia redioni kwa saa mbili na nusu. "Hatuwezi," alisema, "kuiacha homa ya mtu mmoja ipandishe joto la taifa zima!" Ikaundwa Idara ya Uhakiki wa Ugonjwa. Afisa anakuja nyumbani, anazungumza na mgonjwa, anaandika majibu yake matatu ya kwanza, neno kwa neno. Hayo ndiyo ushahidi. Baada ya majibu matatu, kanuni inasema, mgonjwa huwa ameshapata muda wa kubuni.

Akaja Afisa Riziki, dada wa miaka kama thelathini na tano, sketi imepigwa pasi, fomu mkononi. Kumuona baba akapiga goti pale pale mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu! Riziki wewe? Wa dawati la mbele?"

"Ni mimi, Mwalimu. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri tu."

Akaandika: *nzuri tu*.

"Unaendeleaje?"

"Naendelea vizuri, namshukuru Mungu."

Akaandika.

"Na hapa nyumbani hawajambo?"

"Wote wazima kabisa."

Akaandika, kisha kalamu ikasimama juu ya karatasi. Nilimwona anahesabu kimoyomoyo. Moja, mbili, tatu. Rangi ikamtoka usoni.

"Afisa," nikasema, "dada yangu, tazama miguu."

Akaitazama. Baba aliivuta chini ya kiti, maana kuonyesha mgeni miguu iliyovimba si adabu.

"Chande," akasema kwa sauti ndogo, "fomu haina sehemu ya miguu."

"Basi mwamkie tena, tuanze upya!"

"Maombi mapya ni baada ya siku ishirini na moja."

Akaaga kwa heshima zote. Baba alimsindikiza mpaka mlangoni ameshika ukuta, kisha ilimchukua robo saa kurudi kwenye mito yake.

*

Siku ishirini na moja ni nyingi kwa mtu anayezihesabu amekaa. Nilizitumia kumfundisha baba.

"Baba, akija tena akiuliza habari, sema mbaya."

"Nani, mimi?"

"Wewe."

"Mtoto wa watu atoke kwake, aje mpaka kwangu, anisalimie, halafu nimwambie mbaya? Kanikosea nini?"

"Baba, unakufa."

"Hilo najua, Chande. Lakini yeye hajaniuliza hilo."

Afisa wa pili alikuwa Kaniki, kijana mnene, naye mwanafunzi wake. Baba alijitahidi, siwezi kumsingizia. "Habari za leo, Mwalimu?" Midomo ikafunguka, ikatetemeka. Nilimkazia macho kutoka nyuma ya mlango mpaka yakaniuma. Mwisho akasema, "Nzuri... kiasi." Kaniki akaandika *nzuri*, akaeleza kwa masikitiko kwamba kisanduku hakina nafasi ya kiasi.

Siku ishirini na moja nyingine.

Katikati ya siku hizo Mheshimiwa Waziri alitua Tulieni kwa helikopta. Ilibainika kwamba kati ya wagonjwa wote waliohakikiwa katani kwetu, asilimia tisini na nane walikuwa wazima. Hakuna kata nyingine iliyokaribia. Tukapewa kikombe. "Wataalamu wameshindwa kueleza siri ya Tulieni!" alinguruma Mheshimiwa. "Je, ni maji? Je, ni upepo? Mimi nasema ni uzalendo wa mwili!" Nilitaka kupanda jukwaani nimwambie siri ya Tulieni imeegemea ukuta pale nyumba ya tatu, ina mito miwili, ilimfundisha kila mtu hapa kuitika vizuri. Lakini ngoma zilikuwa zinapigwa.

Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaingia chooni nikafungua bomba, nikalia. Maji yakakatika katikati. Ndiyo nchi yetu.

Nilipotoka, baba alikuwa ananitazama.

"Kumbe unalia," akasema.

"Sabuni ilinipata machoni."

"Sabuni imeisha tangu Jumatatu, Chande." Akavuta pumzi fupifupi. "Haya. Nenda mlangoni. Uingie kama Afisa. Tujaribu."

Nikaenda mlangoni, nikaingia. Akanirudisha, eti sikupiga hodi. Nikapiga hodi. Akanirudisha tena, eti nimepiga hodi kama askari. Mara ya tatu nikakaribishwa.

"Habari za leo, Mwalimu?"

Akafumba macho. Mtu mzima wa miaka sabini na moja, aliyekaa mbele ya mwanawe kama mtoto ambaye hajafanya kazi ya nyumbani.

"Siwezi," akasema. "Tena."

Tulijaribu siku nne.

*

Mara ya tatu alirudi Riziki. Aliomba mwenyewe apangiwe, nilikuja kujua baadaye. Alipiga goti, akaamkia, akaitikiwa. Halafu akashika kalamu.

"Habari za leo, Mwalimu?"

Baba alinyoosha kola ya shati lake.

"Mbaya."

Nje mtu alikuwa anauza mihogo, nikamsikia mpaka anavyorudisha chenji.

"Unaendeleaje?"

"Vibaya, mwanangu. Sipati pumzi. Nimesahau kulala kukoje."

"Na hapa nyumbani?"

Baba akanitazama mimi, siyo yeye.

"Nyumbani kuna mtoto anaogopa."

Riziki aliandika yote. Machozi yakamdondoka juu ya fomu, na kwa kuwa fomu yenye unyevu haipokelewi, ilibidi aandike nyingine. Baba alimnyooshea mkono.

"Unisamehe, mama. Nimekuitikia vibaya, nawe umekuja kwangu."

Kibali kilitoka siku ya tisa, na mihuri mitano. Nilikikunja nikakiweka kifuani ndani ya shati, nikakimbia kwa Daktari Semkiwa. Nilipofika kwenye kona nikapiga kelele, kama alivyoniambia. Nikaita kwa jina, mara mbili.

Foleni haikuwepo. Mlangoni pamefungwa kufuli, na juu ya kufuli taji la maua ya plastiki na kitambaa kimeandikwa HONGERA.

Fundi magodoro alitoka na sindano yake kubwa mdomoni, akaitoa ili aseme.

"Wamempandisha cheo, mdogo wangu. Wamesema daktari pekee anayepokea Kadi ni hazina, na hazina haiachwi hivihivi ishikwe na wagonjwa. Sasa ni Mkurugenzi wa Upatikanaji wa Madaktari, nchi nzima. Walimfuata kwa gari la king'ora."

"Naye akakubali?"

"Nani alimuuliza? Alikuwa analia, na sisi tunapiga vigelegele. Tulidhani ni furaha."

*

Wizara ina ghorofa sita na lifti mbili. Moja ya viongozi, nyingine ya wageni wa viongozi. Nilimpandisha baba mgongoni mpaka ghorofa ya nne. Juu alikuwa mwepesi, mbavu tupu, lakini miguu ilikuwa mizito kwa maji na ilinigonga mapajani kila ngazi.

"Unachoka," alikuwa ananiambia sikioni.

"Nani, mimi? Nitakupandisha mpaka kwenye paa uone mlima wa taifa."

Alicheka. Nilikihisi kicheko chake mgongoni, kifupi, kikakatika.

Mkurugenzi Semkiwa alikuwa ndani ya suti, nyuma ya meza yenye simu tatu. Nilitoa kibali, na mihuri yote, kimelowa jasho. Hakukisoma. Aliinuka akamshika baba kwa mkono mmoja, na wa pili ukawa unapapasa shingoni mwake mwenyewe, anatafuta kile kipimo.

"Walikichukua," akasema. "Kiko stoo. Mkurugenzi hapewi vifaa vya ngazi ya chini."

Basi akamfungua baba vifungo vya shati taratibu, akamgeuza, akaweka sikio lake tupu mgongoni pake.

"Vuta pumzi, Mwalimu. Tena. Tena kidogo."

Katibu akachungulia. "Mkurugenzi, kikao cha uhaba wa madaktari kinakungoja wewe tu."

"Waambie daktari hajapatikana."

Akarudisha sikio. Alisikiliza muda mrefu, na mimi nikautazama uso wake jinsi mtu anavyotazama mbao za matokeo ya mtihani. Alipoinuka aliuliza swali moja.

"Umeanza lini kulala umekaa?"

"Mwezi wa pili," baba akasema.

Tulikuwa mwezi wa nane. Daktari alivua tai, akaitupa juu ya zile simu, akachuchumaa akampokea baba mgongoni kwake.

"Shika miguu," akaniambia. "Tunakwenda hospitali. Wakitukatalia, nitasimama nao mlangoni mimi mwenyewe."

Tukateremka. Yeye mbele na suti yake, baba mgongoni, mimi nimebeba miguu kama mtu anayebeba mkia wa nguo ya bibi harusi. Ghorofa ya tatu. Ya pili. Watu wenye mafaili walibana ukutani kutupisha. Tulipotoka kwenye ngazi za nje, juani, baba akasema, "Nitueni kidogo, wanangu."

Tukamtua kwenye ngazi, nikamuegemeza kwangu, maana ukuta haukuwepo. Alitazama barabara. Akafungua mdomo kama anayetaka kusema, akaufunga.

Daktari alipiga magoti, akaweka sikio kifuani. Akalisogeza. Akaliweka tena. Kisha hakuliondoa. Alibaki pale, amefumba macho, mikono miwili imeshika shati la baba, na mabega yake yakaanza kutikisika polepole.

Sijui tulikaa hivyo kwa muda gani. Nilikuwa namfunga baba vifungo vya shati, na kimoja kilikuwa hakipati tundu lake.

Nilisikia minong'ono. "Si Semkiwa yule? Si ndiye yule?" Mtu mwenye mkongojo akasimama nyuma yetu. Akaja mwingine na mtoto mgongoni. Akaja kijana wa mafaili, akalegeza tai yake, akatoa Kadi mfukoni kwa kificho. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mstari ukashuka ngazi, ukapita bustani ya bendera, ukatoka geti, na kila mtu ameshika kile kiplastiki cha samawati mbele ya kifua. Walimwona daktari mwenye sikio kifuani kwa mzee, anasikiliza bila haraka, hakuna karani, hakuna fomu. Walikuwa na subira kubwa.

Mama mmoja mwenye kikohozi akanigusa bega.

"Mwanangu, huyu ndiye anayepokea Kadi?"

"Ndiye, mama."

"Na nyinyi mko mbele yangu?"

Nikamvuta baba upande wangu, nikakiweka kichwa chake begani kwangu, ili ngazi ipate nafasi.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Sisi tumeshaonwa. Pita."